Maswali ya wasomaji: Mlango wa bahari ndani ya kompyuta

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache namna kompyuta inavyokadiria mabadiliko ya mlango wa bahari, yaani upenyo katika ulimi wa mchanga ambamo maji huingia wangwani, nyuma ya ulimi huo, na kutoka kila yanapojaa na kupwa. Barua nyingi zilizofuata zimetoka Goma na Bukavu, miji iliyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka maji ya chumvi, na chache zimetoka Lubumbashi. Tumezifupisha.

Nasomea ujenzi, naishi Himbi, Goma. Naona watu wanataja programu kama Delft3D, TELEMAC, XBeach. Kompyuta yangu ya mkononi ina kumbukumbu ya gigabaiti 8. Nianze na ipi?

Anza na karatasi na kalamu. Mlango wa bahari ni ugomvi wa pande mbili: maji yanayojaa na kupwa hupita kwa kasi na kuusafisha, mawimbi husukuma mchanga kando ya ufuko na kuuziba. Kompyuta inauhesabu ugomvi huo kwa undani, basi. Ukishajua kwa mkono nani ana nguvu, utatambua pia siku kompyuta inapokudanganya.

Hesabu ya kwanza ni ya ujazo wa maji yanayoingia katika kujaa kumoja. Chukua wangwa wa kilomita za mraba 6, na tofauti ya mita 1.2 kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa. Zidisha: mita za ujazo milioni 7.2. Mhandisi Mmarekani M. P. O'Brien alionyesha mwaka 1931, akaboresha mwaka 1969, kwamba eneo la mkato wa mlango chini ya usawa wa wastani wa bahari hufuata ujazo huo. Kwa mlango usiojengewa kuta, zidisha ujazo kwa 0.000066, upate mita za mraba. Hapa ni 475. Kina cha wastani kikiwa mita 4, upana ni karibu mita 120.

Sasa kasi. Zidisha ujazo kwa 3.14, gawanya kwa sekunde 44,712, ambazo ni saa 12.42 za mzunguko mmoja wa maji ya mwezi. Utapata mita za ujazo 506 kwa sekunde katika kilele. Zigawe kwa 475, ni mita 1.06 kwa sekunde. Jaribu na wangwa mwingine wowote, mkubwa au mdogo, jibu ni lile lile, kwa kuwa fomula yenyewe imebeba siri hiyo: mlango wa mchanga hujichonga mpaka mkondo wake wa kilele ukaribie mita 1 kwa sekunde. Ukipanuka kupita hapo mkondo unalegea na mchanga unatua. Ukibanwa, mkondo unakaza na kuchimba. Kwa hiyo modeli ikikuonyesha mlango wa mchanga uliotulia wenye mkondo wa mita 2.5 kwa sekunde, usiishangilie. Kuna kosa mahali.

Hesabu ya pili ni ya Bruun na Gerritsen, ya mwaka 1960: gawanya ujazo ule kwa mita za ujazo za mchanga unaopita ufukoni kwa mwaka. Mchanga ukiwa 100,000, unapata 72. Juu ya 150 mlango hukaa safi. Kati ya 50 na 100 unabaki wazi, lakini nje yake kuna fungu pana la mchanga ambalo mawimbi hulivunjikia. Chini ya 20 hauna uhakika wa kuishi. Ufuko huo huo ukipitisha mchanga 400,000 kwa mwaka, jibu ni 18.

Baada ya hapo, ndiyo, washa mashini. Gigabaiti 8 zinatosha kabisa kwa modeli ya tabaka moja, ambayo kasi yake ni wastani wa kina chote. Delft3D imetoka Deltares, Uholanzi, na ina watumiaji wengi, kwa hiyo makosa yako wenzako wameshayafanya. XBeach ilitengenezwa kwa ajili ya dhoruba za saa au siku chache. Usiitumie kwa miaka kumi. Kwa msomaji wa Goma sisi tungechagua TELEMAC, iliyozaliwa katika shirika la umeme la Ufaransa, EDF. Ni ya bure, na ina faida ambayo watu hawaitaji: faili yake ya maagizo inakubali maneno ya Kifaransa. Unaandika PAS DE TEMPS, na kompyuta inaelewa. Aliyesoma shule za kwetu amepunguziwa nusu ya safari. Sehemu yake ya mchanga inaitwa GAIA, ya mawimbi TOMAWAC, na wavu wa pembetatu, unaoligawa eneo katika vijumba vya hesabu, unauchora kwa Blue Kenue, ya bure pia.

Kuhusu wavu, kanuni ni moja: mlango wenyewe upate angalau vijumba 8 hadi 10 kwa upana. Kwa mlango wa mita 120, hiyo ni mita 12 hadi 15 kwa kijumba. Wangwani mita 30 zinatosha, baharini unaweza kufika mita 200. Mabadiliko ya ukubwa yawe ya polepole, kijumba kisizidi jirani yake kwa zaidi ya asilimia 20 hivi. Hatua ya muda inatokana na kasi ya wimbi refu: mzizi wa 9.81 mara kina. Kwa kina cha mita 6 ni mita 7.7 kwa sekunde, kwa hiyo kijumba cha mita 12 kinavukwa kwa sekunde 1.6. Programu hizi huvumilia hatua kubwa mara kadhaa kuliko hapo. Anza na sekunde 5, kisha rudia na 2.5, matokeo yakitofautiana, ile 5 ilikuwa kubwa mno.

Na jambo ambalo limewaharibia wengi: programu inataka nusu ya tofauti ya kujaa na kupwa. Ukiandika 1.2 badala ya 0.6, umezidisha kujaa na kupwa kwa bahari yako maradufu.

Niko Nguba, Bukavu. Ziwa Kivu halijai na kupwa. Naweza kujifunzia hapa hapa au nisahau?

Unaweza, kwa nusu ya somo. Mvuto wa mwezi unaligusa Kivu kwa kiasi cha milimita tu. Usawa wake hupanda na kushuka kwa majira ya mvua na kwa maji yanayotoka Ruzizi, wala si kwa saa. Nusu ya pili, ile ya mawimbi, ipo nje ya dirisha lako.

Chukua upepo wa mita 10 kwa sekunde unaovuma juu ya kilomita 30 za maji. Fomula za ukuaji wa mawimbi zinatoa kimo cha karibu mita 0.9 na kipindi cha sekunde 4.2, mradi upepo uendelee kama saa 4. Wimbi hilo lina urefu wa mita 27, kwa hiyo linaanza kuigusa sakafu kwenye mita 14 za kina. Linganisha na wimbi la Atlantiki la sekunde 12: urefu mita 225, na linaihisi sakafu kutoka mita 110. Hapo ndipo utaelewa kwa nini modeli ya bahari inaenda mbali nje, na ya ziwa inaweza kubaki karibu na kando.

Kuna mtego wa Kivu ambao mwongozo wa programu hautakuambia. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, na hewa huko ni nyepesi: karibu kilo 1 kwa mita ya ujazo, ambapo pwani ni karibu 1.2. Msukumo wa upepo juu ya maji unapungua kwa kiasi hicho hicho. Angalia thamani ya uzito wa hewa iliyowekwa kwenye programu yako na uibadilishe kwa mkono, la sivyo mawimbi yako yatakuwa ya Mombasa.

Jaribio zuri la pili ni kuyumba kwa ziwa zima, kama maji ndani ya sahani iliyobebwa vibaya. Urefu wa kilomita 90 na kina cha wastani cha mita 240 vinatoa kipindi cha karibu saa moja: mara mbili ya urefu, gawanya kwa mzizi wa 9.81 mara kina. Inamisha maji ya modeli kwa sentimita 5 upande mmoja, yaachie, hesabu mizunguko. Visiwa na Idjwi vitakupotosha kidogo, hilo ni sawa. Likikujia jibu la dakika 20, sakafu yako ina kosa.

Mlango tunao pia, ule wa ghuba ya Kabuno upande wa Sake, mwembamba na wenye kina cha kama mita 10 tu. Lakini ni mlango wa ardhi ya volkano na maji yanapita polepole. Ufanyie mazoezi ya kupitisha maji, uache mchanga. Kwa mchanga chora wangwa wa kubuni, mstatili wa kilomita 3 kwa 2 wenye upenyo mmoja, na uupe bahari ya kuandika mwenyewe. Wataalamu wenyewe huanza hivyo.

Natoka Katindo, Goma. Modeli yangu ya mlango wa mita 120 ilikwenda vizuri siku tatu. Nikaweka kizidishi cha sakafu 100 ili nipate miaka miwili haraka. Sasa mlango ni shimo la mita 19, jembamba kama mfereji, na kwenye mpaka wa kaskazini ufuko wote umeliwa. Kosa liko wapi?

Yako matatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kizidishi. Sakafu hubadilika polepole kuliko maji, kwa hiyo programu inakuruhusu kuyazidisha mabadiliko ya kila hatua. Mwaka una mizunguko karibu 706 ya maji ya mwezi. Kizidishi kikiwa 25, unahesabu mizunguko 28 tu, siku 14.6, ambazo karibu ni safari nzima kutoka bamvua, yaani siku za maji makubwa, hadi bamvua. Ni mpangilio mzuri. Ila kizidishi kina kipimo chake: mabadiliko ya mzunguko mmoja, yakishazidishwa, yasipite asilimia 10 ya kina. Endesha mzunguko mmoja bila kizidishi, tafuta mahali palipobadilika zaidi. Tuseme ni sentimita 1 kwenye kina cha mita 3. Mara 25 ni sentimita 25, asilimia 8, inakubalika. Mara 100 ni mita nzima: theluthi ya mlango imeondoka kabla mkondo haujajua kwamba sakafu imebadilika. Wakati wa dhoruba kishushe hadi kati ya 1 na 5. Dhoruba ya saa 12 ikizidishwa mara 100 inakuwa dhoruba ya siku 50, na hakuna ufuko unaoijua hiyo.

La pili ni umbo la shimo. Modeli hizi zina tabia ya kuchimba chini badala ya kupanua kando, kwa sababu kijumba kikavu hakina mkondo, na pasipo mkondo hakuna mmomonyoko. Ukingo wa mchanga unasimama kama ukuta wa saruji huku katikati kunazama. Delft3D ina kigezo kinachohamisha sehemu ya mmomonyoko kutoka kijumba chenye maji kwenda jirani yake mkavu. Kiweke kati ya 0.5 na 1. XBeach hufanya kwa maporomoko: mteremko ukipita 0.3 chini ya maji au 1 juu ya maji, mchanga unaanguka. Halafu kuna nguvu ya mteremko wa pembeni, inayovuta chembe zishuke kutoka kingo kwenda kati. Thamani ya mwanzo ya Delft3D ni 1.5, na katika milango ya bahari mara nyingi ni ndogo mno. Watu huipandisha hadi 10 au zaidi ndipo mfereji ukapata umbo la kweli. Kuipandisha hivyo ni kiraka kinachofunika udhaifu wa fomula, na wenye fomula wanajua. Kitumie, lakini kiandike kwenye ripoti yako.

Tazama pia chembe zako. Wengi huweka milimita 0.2 kila mahali. Katika mlango wa kweli chembe ndogo zimeshapepetwa, chini kumebaki mchanga mnene, changarawe na magamba ya chaza, na sakafu hiyo haichimbiki hivyo. Weka aina mbili za chembe, tuseme 0.2 na 0.6, ziache zijipange zenyewe kwa miezi michache ya modeli, kisha ndipo uanze hesabu rasmi.

La tatu ni mpaka. Mawimbi yanaubeba mchanga kutoka ndani ya modeli kwenda upande mmoja, na upande unakotoka mpaka wako hauleti chochote. Ufuko unakufa njaa. Uambie mpaka huo ulete mchanga unaolingana na uwezo wa mkondo wa pale, au ushikilie sakafu ya mpakani isibadilike. Kisha usogeze mbali: kwa mlango wa mita 120, acha angalau kilomita 2 za ufuko kila upande, na usisome matokeo ya mita 500 za mwisho.

Umetuambia siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Je, uliyaacha maji yatulie kwanza? Saa 12 hadi 24 za mwanzo sakafu inafungwa, isiguswe. Na mawimbi na mikondo viambiane kila dakika 20 au 30. Ukiwakutanisha mara moja kwa saa 6, wimbi linaendelea kuamini kwamba maji yanajaa wakati yameshaanza kupwa, na hapo ndipo mkondo wa kutoka unapoyasimamisha mawimbi mlangoni na kujenga fungu la nje. Ukikosa hilo umekosa nusu ya mlango.

Kampemba, Lubumbashi: Nataka kufanya modeli ya Banana, kwenye mdomo wa mto Kongo, kwa kazi ya mwisho wa masomo. Takwimu nitazipata wapi bila kulipa?

Nyingi zipo bure, isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo yenye maana zaidi.

Kujaa na kupwa unapata kwenye modeli za dunia nzima, TPXO ya Marekani au FES ya Ufaransa. Chukua angalau vijenzi vya M2 (wimbi kuu la mwezi, la saa 12.42), S2, N2, K1 na O1, na usiache M4, yenye kipindi cha saa 6.21. Ni ndogo, ila ndiyo inayoamua kama kujaa kunakuwa kwa muda mfupi na mkondo mkali, au kupwa. Toa awamu ya M4 kutoka mara mbili ya awamu ya M2: jibu likiwa kati ya digrii 0 na 180, kujaa ndiko kwenye nguvu, mchanga unaelekea ndani, kati ya 180 na 360, unaelekea nje. Mlango mzima unaweza kugeuka kwa namba hiyo moja.

Mawimbi yapo kwenye ERA5, hazina ya takwimu za hali ya hewa ya Ulaya, kila saa, tangu mwaka 1940. Omba nukta moja tu nje ya Muanda. Miaka 10 ya kimo, kipindi na mwelekeo ni megabaiti chache, haitakula kifurushi chako chote. Kumbuka kijumba chake ni karibu kilomita 55, kwa hiyo TOMAWAC au SWAN, programu nyingine ya mawimbi, ndiyo italileta wimbi hadi ufukoni. Yapange mawimbi ya miaka hiyo katika makundi 8 hadi 12 kwa mwelekeo na kimo. Ukitafuta wastani wa kila kundi, usichukue wastani wa kawaida: uwezo wa wimbi kubeba mchanga unafuata kimo kwa kipeo cha 2.5, na wimbi la mita 2 hufanya kazi zaidi ya mara 5 ya lile la mita 1.

Isiyopatikana bure ni vina vya maji. GEBCO, ramani ya vina vya bahari zote za dunia, ina kijumba cha karibu mita 460: kimoja kinameza milango minne kama ule wa mwenzako wa Katindo. Kusoma kina kwa rangi ya picha za setilaiti kunahitaji maji maangavu, na maji ya mto Kongo si ya namna hiyo. Itabidi kupima kwa pirogi: kipima-kina cha wavuvi, GPS, mistari ya kuvuka mlango kila mita 20, wakati maji yamejaa na kusimama. Mtu wa pili abaki nchi kavu akisoma mti wa kupimia kila dakika 10. Kabla ya kuanza, ning'iniza sahani ya chuma mita 2 chini ya kifaa, kikisoma 2.3, unajua la kutoa.

Na uangalie sifuri. Ramani za mabaharia hupima kutoka maji yaliyopwa kabisa, modeli inapima kutoka usawa wa wastani. Ukizichanganya bila kurekebisha, wangwa wa kina cha mita 1.5 unaweza kupoteza au kupata nusu ya maji yake, na ujazo ule wa kwanza wote umeharibika.

Ushauri wetu hata hivyo ni kwamba Banana si ya mwanafunzi wa mara ya kwanza. Mto unamwaga kwa wastani kama mita za ujazo 41,000 kwa sekunde, maji matamu yakiteleza juu ya ya chumvi, kwa hiyo modeli ya tabaka moja haitoshi. Tena bonde la chini ya bahari linaingia hadi ndani ya mdomo wa mto, na mchanga unaofika ukingoni unatumbukia vilindini, haurudi. Fungu la nje la kitabuni hutaliona hapo. Chagua wangwa mdogo wenye mlango mmoja. Banana iwe ya shahada inayofuata.

Kadutu, Bukavu: Nimesikia kuna mji Senegal ulichimbiwa mfereji mdogo, mfereji ukageuka bahari. Kompyuta isingeweza kuwaonya?

Ni Saint-Louis. Mwezi Oktoba 2003, mto Senegal ukitishia kuufurika mji, ulimi wa mchanga uitwao Langue de Barbarie ulikatwa mfereji wa upana wa mita 4, karibu kilomita 7 kusini mwa mji. Maji ya mto yakashuka haraka, kama ilivyokusudiwa. Ndani ya mwezi mmoja mfereji ulikuwa umepita mita 200, miaka iliyofuata ukazidi kilomita, na mdomo wa zamani, mbali zaidi kusini, ukazibika.

Hata kompyuta haikuhitajika. Mwaka 1940 Francis Escoffier alichora mstari mmoja wa kasi ya kilele dhidi ya ukubwa wa mlango. Mlango mdogo sana una msuguano mwingi, kasi ni ndogo. Ukikua kasi inapanda, inafika kilele, kisha inashuka kwa kuwa maji yameenea. Mstari wa kasi ya mita 1 unaukata mchoro huo mara mbili. Kwenye makutano ya kushoto mlango hauna utulivu: ukipungua kidogo unajifunga, ukiongezeka kidogo unakimbia kukua hadi makutano ya kulia. Wachimbaji walikata padogo, lakini mafuriko yaliusukuma mfereji upite ile nukta ya kushoto, na baada ya hapo bahari ikachukua kazi. Mdomo wa zamani, ulioporwa maji yake, ukarudi kushoto kwa nukta na kufa.

Hicho ndicho kisa cha milango miwili kwa wangwa mmoja, na modeli yenye mlango mmoja tu haikioni. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, dhoruba ya Aprili 2007 ilipasua ufuko wa Norton Point. Upenyo ukahama kuelekea mashariki zaidi ya kilomita 2, ukafungika mwaka 2015. Ghuba ya Katama nyuma yake ina njia nyingine kaskazini. Ukiichora bila njia hiyo, mkondo wa upenyo unakuwa wa uongo tangu siku ya kwanza.

Jambo yenu. Nilikulia Kalemie, sasa niko Katuba, Lubumbashi. Lukuga, mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika, nayo si mlango? Wazee walisema zamani ilikuwa imezibika.

Wazee walisema kweli. Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, Lukuga ilikuwa imezibwa na mashapo na matete. Karibu mwaka 1878 Tanganyika ikapanda, ikaukata ukingo, na miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa.

Ni mlango wa upande mmoja, wa kutoka tu, kwa hiyo tupa hesabu ya O'Brien. Tumia ya kizingiti: mara 1.7, upana, na kimo cha maji juu ya kizingiti kwa kipeo cha 1.5. Upana wa mita 50 na kimo cha nusu mita ni mita za ujazo 30 kwa sekunde. Kimo kikifika mita 1 ni 85. Maji mara mbili, mtiririko karibu mara tatu, na kadiri kizingiti kinavyolika ndivyo kimo kinavyoongezeka, mpaka ziwa lenyewe lianze kushuka. Ziwa ni kubwa mno, linachelewa miaka. Kwa hiyo hesabu ya ziwa ifanye kwa hatua za siku kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, na ile ya kizingiti kwa TELEMAC, kipindi cha wiki chache tu wakati maji yako juu. Mizizi ya matete hakuna fomula inayoihesabu vizuri: waweza kuipa msuguano mkubwa na sakafu ngumu ya juu, sentimita 30 hivi, kisha ujaribu bila hiyo na ulinganishe.

Majengo, Goma: Umeme ukikatika saa ya tisa usiku nimepoteza kila kitu. Mnafanyaje?

Amuru programu iandike faili ya kuanzia upya kila saa 6 za modeli, na uziache mbili za mwisho, kwa kuwa ile iliyokuwa ikiandikwa wakati umeme unakatika huwa nusu na haifunguki. Punguza matokeo unayohifadhi: sakafu mara moja kwa mzunguko wa maji inatosha, kasi kila dakika 30. Katika kuendelea, hakikisha muda wa mpaka unaanzia pale ulipoishia. Ukianza tena na sifuri, maji ya wangwani yamejaa huku ya baharini yako nusu ya njia, na mlangoni linapita bomba la saa mbili linalochimba kuliko wiki nzima ya bamvua. Utalijua kwa kuchora kasi ya mlangoni dhidi ya muda: mwiba mmoja mwembamba, palepale ulipoanzia upya.